Ekzosi Ikikatika, Ni Nani Anayeumia?

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huiacha baridi ya nyanda za juu nyuma yake na kuteremka hadi Igawa, mahali ambapo barabara kuu iendayo Zambia huvuka Mto Mbarali na kuingia katika bonde la Usangu. Hapo ndipo ulipokuwa mpaka wa Mikoa ya Mbeya na Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Malori husimama hapo, abiria hunyoosha miguu, na mafundi hulala chali chini ya magari ya watu. Ni mahali pafaapo kwa mtu anayetaka kujua wananchi wanaamini nini juu ya mitambo wanayoitumia kila siku.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa miongoni mwa waliosimama hapo. Ikaja pikapu moja ya zamani ikinguruma kama mashine ya kusaga. Ekzosi yake, yaani bomba la kutolea moshi, ilikuwa imekatika karibu kabisa na injini, na kipande kilichobaki kimening'inizwa kwa waya chini ya bodi. Nyuma, chini ya turubai, walikaa akina mama watatu na mtoto mmoja. Mwenye gari akateremka na kuuliza swali moja tu: "Nikienda hivi hivi hadi Mbeya, injini itakufa?"

Dereva mmoja mzee wa malori alikuwa wa kwanza kujibu. "Mwanangu, utaunguza valvu. Hewa ya baridi ikiipiga valvu ya moto, kwisha habari yake." Kijana fundi akatikisa kichwa kwa adabu. "Samahani mzee wangu, mimi naona sivyo. Injini bila ekzosi inapumua vizuri zaidi. Magari ya mashindano si yanakimbia bila sailensa?" Mwenye gari akawatazama wote wawili, akachagua jawabu lisilo na gharama, akapanda na kuondoka.

Tangu siku hiyo nimelitafakari swali lile mara nyingi. Mzee alikuwa na sehemu ya ukweli, na kijana naye alikuwa na sehemu yake. Lakini sehemu iliyo kubwa kuliko zote haikutajwa na mtu yeyote, kwa sababu swali lenyewe liliulizwa kwa upande mmoja. Liliulizwa juu ya injini tu. Katika makala haya nataka kueleza kwa kadiri ya elimu tuliyo nayo leo jinsi injini inavyoathirika, kisha nitoe maoni yangu kwa nini yatupasa kulibadili swali hilo.

Kazi ya bomba

Injini ya gari hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa, huigandamiza, huchoma mafuta, kisha husukuma moshi nje. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu ya moshi ya kila silinda hufunguka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Basi moshi hautoki kama maji ya mfereji yatiririkavyo kwa utulivu. Hutoka kwa mapigo, pigo baada ya pigo, ukiwa na joto ambalo katika injini ya petroli iliyoelemewa na kazi huweza kufika nyuzi 800 za Sentigredi, na hata kuzidi.

Mapigo hayo hukusanywa na manifoldi, ile sehemu ya chuma kizito iliyofungwa ubavuni mwa injini, kisha hupita bombani hadi kwenye sailensa, ambayo huyavunja nguvu na kupunguza kelele, na mwisho hutoka nyuma ya gari mbali na watu. Bomba lina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Pigo la moshi likifika mahali bomba linapoishia au kupanuka, wimbi hurudi kinyumenyume likiwa na kanieneo iliyo chini ya ile ya hewa ya kawaida. Wimbi hilo likiifikia valvu kwa wakati wake, husaidia kuvuta mabaki ya moshi yaliyomo ndani ya silinda. Watengenezaji wa injini hupima urefu na upana wa bomba wakilifikiria jambo hilo. Ndiyo maana gari lililokatika ekzosi karibu na injini mara nyingi hupoteza nguvu likiwa katika mwendo mdogo, japokuwa kelele zake humdanganya dereva kwamba nguvu zimeongezeka.

Wapo pia wasemao kwamba injini yahitaji kuzuiliwa moshi kidogo ili iwe na nguvu. Hilo si kweli. Kizuizi hakiisaidii injini hata kidogo; kinachoisaidia ni mawimbi yaliyopangwa vizuri. Hapo kijana wa Igawa alikuwa karibu na ukweli. Lakini gari la mashindano lina mabomba ambayo urefu wake umepimwa makusudi. Bomba lililokatwa na kutu au jiwe la barabarani halikupimwa na mtu.

Hadithi ya valvu na hewa baridi

Maneno ya yule mzee ni ya zamani, nayo huheshimiwa katika gereji nyingi. Tuyachunguze.

Valvu ya moshi hupoza joto lake hasa kwa kukigusa kiti chake kila inapofunga, na joto hilo huingia katika kichwa cha injini na kuchukuliwa na maji. Injini inapofanya kazi, moshi husukumwa kutoka ndani kwenda nje, na ni hewa kidogo sana iwezayo kurudi hadi kwenye valvu. Injini inapozimwa, kichwa chake ni donge kubwa la chuma lenye moto, nalo hupoa polepole. Hewa tulivu iliyoko mlangoni haina uwezo wa kuipasua valvu kwa ghafula kama maji yamwagwayo juu ya sufuria kavu iliyoko jikoni.

Ushahidi mkubwa upo katika historia. Injini ya Rolls-Royce Merlin, iliyoendesha ndege za Spitfire katika Vita Kuu ya Pili, ilitoa moshi kwa vibomba vifupi vilivyochomoza ubavuni, ikipasua hewa baridi ya angani kwa kasi kubwa. Wahandisi hawakuvificha vibomba hivyo. Waliviinamisha kuelekea nyuma ili moshi utokao uisukume ndege mbele kidogo. Kama hewa baridi ingekuwa adui mkubwa wa valvu kiasi kile, ndege hizo zisingeruka.

Hata hivyo, mzee hakuwa akibuni. Barabara hii ilikuwa ya udongo wakati malori yalipoanza kubeba mafuta kwenda Zambia, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Dereva wa siku hizo ilimbidi ajue kwa kichwa chake ni ubovu gani uwezao kungoja na ni upi usioweza, maana gereji zilikuwa mbalimbali sana. Aliyeona valvu zimeungua katika gari lisilo na ekzosi aliona jambo la kweli. Kosa lilikuwa katika kulitafutia sababu.

Pale ambapo injini huumia kweli

Sababu zenyewe hutegemea jambo moja: bomba limekatika umbali gani kutoka kwenye injini.

Likikatika nyuma, baada ya sailensa, injini haipati madhara yenye maana. Sailensa yenyewe ikianguka, kelele huongezeka, lakini injini ya gari huweza kuendelea kwa muda mrefu. Hatari huongezeka kadiri mkato unavyosogea mbele.

Katika injini ya zamani yenye kabureta, na zaidi katika pikipiki, kubadilika kwa njia ya moshi huweza kubadili mchanganyiko wa hewa na petroli. Petroli ikipungua katika mchanganyiko huo, joto la ndani hupanda injini inapoelemewa, na valvu huweza kuungua. Hiyo ndiyo sababu ambayo wazee waliiita hewa baridi. Vijana wanaong'oa sailensa za bodaboda ili zisikike mji mzima wangefaa kuitazama plagi baada ya wiki chache. Rangi yake ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inawaonya.

Katika gari la kisasa lenye kompyuta, hali ni kinyume chake. Ndani ya bomba, karibu na injini, kuna kifaa kidogo kinachopima oksijeni iliyobaki katika moshi. Bomba likitoboka mbele ya kifaa hicho, hewa ya nje hupenya kila baada ya pigo, wakati kanieneo ya ndani inaposhuka. Kifaa huona oksijeni nyingi na kuiarifu kompyuta kwamba petroli haitoshi. Kompyuta nayo huongeza petroli isiyohitajiwa. Matokeo yake ni matumizi makubwa ya mafuta, plagi zenye masizi, na oili inayochanganyika na petroli na kupoteza ulaini wake.

Katika lori la dizeli lenye tabo, moshi ndio unaozungusha tabo hiyo ili isukume hewa ndani ya injini. Ufa ulio kabla ya tabo humwaga nguvu hiyo bure. Hewa hupungua, mafuta hayaungui vizuri, moshi mweusi hutoka, na joto la moshi hupanda mlimani, mahali pale pale ambapo dereva anahitaji nguvu zaidi.

Mwisho ni joto la nje. Moshi wa nyuzi mia kadhaa unaotoka mahali pasipopangwa huchoma nyaya, mipira ya maji, mipira ya kushikilia injini, na hata bomba la mafuta. Magari mengi yanayosemekana kuungua bila sababu huenda yalikuwa na sababu ya namna hii. Aidha, manifoldi ikiondolewa kabisa, vumbi la barabarani hupata mlango wa kuikaribia valvu, na vumbi ndani ya injini ni msasa.

Basi jibu la swali la Igawa ni hili: safari moja hadi Mbeya isingeiua injini ya pikapu ile. Mwenye gari alifika, nami sina shaka kwamba aliwaambia wenzake kuwa yule mzee alikuwa mwongo. Hapo ndipo shauri langu linapoanza.

Breki iliyo ndani ya bomba

Malori mengi makubwa yana breki ya ekzosi. Ni kipande cha chuma mfano wa mlango mdogo kilichowekwa ndani ya bomba la moshi. Dereva akibonyeza swichi, mafuta hukatwa na mlango hufungwa. Pistoni zinabaki zikisukuma hewa mahali palipozibwa, nayo injini hugeuka kuwa kizuizi cha mwendo. Hivyo lori huweza kushuka mlima bila kuzichosha breki za magurudumu.

Tufanye hesabu ndogo. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 400 hutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 500 za maji baridi. Nishati hiyo yote lazima igeuke kuwa joto mahali fulani. Kama haikuchukuliwa na injini na hewa, itachukuliwa na breki za magurudumu, na breki zikipata joto la kupita kiasi hupoteza ukamataji wake. Kila dereva apitaye Kitonga, Inyala na Iwambi anajua maana ya maneno hayo.

Sasa bomba likipasuka kati ya injini na mlango ule, au gasketi ikiungua, hewa iliyokusudiwa kuzuiliwa hupenya nje. Dereva husikia kelele tu, na huenda akajiambia kwamba injini haijaharibika. Ni kweli, haijaharibika. Kilichoharibika ni breki yake moja, na taarifa hiyo ataipata katikati ya mteremko.

Wale waliokuwa chini ya turubai

Injini ya petroli isiyo na kifaa cha kusafisha moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huweza kuwa asilimia kadhaa ya moshi wote. Dizeli hutoa kidogo zaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu hukosa nafasi ya kubeba oksijeni. Sehemu moja tu ya gesi hiyo katika sehemu elfu za hewa yaweza kumuua mtu kwa saa chache. Kabla ya hapo huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito. Ni nani kati yetu ambaye, akiona dalili hizo baada ya safari, hatasema ni malaria au ni uchovu?

Katika nchi yenye joto madirisha huwa wazi, na upepo huokoa wengi pasipo wao kujua. Lakini mtu apandaye kutoka Igawa kwenda Makambako usiku wa mwezi Julai hufunga vioo vyote, kwa kuwa baridi ya huko haina mzaha. Bomba likiwa limekatika karibu na injini, moshi hujaa chini ya boneti na kupenya katika matundu ya nyaya na ya vikanyagio hadi ndani. Walio nyuma chini ya turubai hawako salama pia, kwa sababu gari linalokwenda hutengeneza nyuma yake mvuto unaoukokota moshi kuwarudia. Mtoto aliyelala usingizi mzito katika gari kama hilo hapaswi kuachwa alale kwa furaha kwamba hasumbui. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tuongeze kelele. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mwisho wa salama ya masikio, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kelele ya desibeli 100 yafaa kuvumiliwa kwa dakika 15 tu kwa siku. Utingo anayeshinda karibu na injini isiyo na sailensa hupoteza masikio yake kidogo kidogo, na masikio yakishapotea kwa namna hiyo hayarudi.

Tuongeze na moto. Bomba lililokatika hurusha moshi wa moto na cheche chini ya gari. Gari hilo likiegeshwa penye nyasi kavu wakati wa kiangazi, laweza kuacha nyuma yake moto utakaoteketeza malisho na mashamba ya watu ambao hawakuwahi hata kulipanda.

Maoni yangu

Mimi naamini kwamba onyo la uongo, hata likitolewa kwa nia njema, hugharimu kuliko kunyamaza. Tukimwambia mtu kwamba injini yake itakufa, naye akafika salama, hataidharau hadithi ya valvu peke yake. Atadharau pia habari ya gesi, ya breki na ya moto, ambazo ni za kweli. Mtu huyo akiwa dereva wa abiria, dharau yake hulipwa na wengine.

Naamini pia kwamba tumezoea kuihurumia mashine kuliko watu, kwa sababu mashine ikiharibika gharama huonekana siku ile ile. Jambo hili laonekana pia katika biashara ya kuondoa kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita sega, kwa vile vitundu vyake hufanana na sega la nyuki. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo yana bei kubwa. Mwenye gari huambiwa, "Ukiliuza, injini haitaona tofauti." Mara nyingi injini haioni. Wanaoona ni watoto waendao shule kandokando ya barabara. Mwaka 2012 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi si uchafu wa kuchafua ukuta tu.

Yafaa basi mafundi wetu wafundishwe kujibu swali kwa kuuliza swali: limekatika wapi, na ni nani watakaopanda? Likiwa limekatika nyuma ya sailensa, mwenye gari atengeneze wiki hiyo. Likiwa limekatika karibu na injini, aende hadi gereji iliyo karibu tu, madirisha yakiwa wazi, pasiwe na mtu chini ya turubai. Kipande cha bati na waya chaweza kumfikisha kwa fundi wa kuchomelea. Kisigeuzwe kuwa ekzosi ya mwaka mzima. Dereva wa lori aijaribu breki ya ekzosi kabla ya kuufikia mteremko. Na mtu asiye na vifaa aweza kugundua ufa mwenyewe: asubuhi injini ikiwa bado baridi, mmoja aizibe ncha ya bomba kwa kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde chache, na mwingine asikilize mahali hewa inapolia. Alama nyeusi za masizi kwenye maungio husema jambo hilo hilo bila kelele. Kazi hii ifanyiwe uwanjani, kamwe isifanyiwe ndani ya banda lililofungwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kuwalinda watu, na askari akilisimamisha gari linalonguruma hamwonei dereva. Lakini sheria haitafika kila mahali, na elimu yaweza kufika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, ufa ni wa bomba, na ukuta utakaoanguka huenda usiwe wa mwenye gari.

Siku ile Igawa hakuna aliyewageukia akina mama wale kuwauliza kama vichwa vinawauma. Hata mimi sikuuliza, ingawa nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwao, nikifikiria valvu.